Jua Lilihama Dirishani, Nami Nikaendelea Kumwagilia

Juni 2023 nilihama Kibuli nikaenda kupanga Ntinda, ghorofa ya pili, vyumba viwili na bafu la ndani. Miaka sita kabla ya hapo nilikuwa nimekaa kwenye muzigo, ndivyo tunavyoita Kampala vile vyumba vya kupanga vya safu. Bafu lilikuwa nje, tunaligawana nyumba saba, kila mtu na ndoo yake na zamu yake. Kwa hiyo siku niliyokabidhiwa funguo sikuanza na vyombo vya jikoni. Niliingia bafuni, nikafunga mlango, nikasimama tu.

Ni bafu dogo: choo, sinki, bomba la kuogea, vigae vyeupe hadi usawa wa mabega, na juu yake dirisha moja la vioo vya ukungu linalotazama kaskazini. Kesho yake saa mbili asubuhi, nikiwa napiga mswaki, jua liliingia kwa mshazari kupitia dirisha lile likachora mstari mnene wa mwanga ukutani, juu kidogo ya tangi la choo. Mstari ule ulikaa karibu saa nzima. Nikasema hapo ndipo maua yangu yatakapokaa.

Ndani ya miezi sita nilikuwa nimepoteza karibu yote. Tangu mambo yaninyokee, wenzangu kazini wananiuliza wanunue ua gani la bafuni, na kila mmoja anaanzia palepale nilipokosea mimi: anauliza ua kabla hajalitazama bafu lake.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda kwenye vitalu vya kando ya barabara, vile ambavyo miche imepangwa ndani ya mifuko myeusi ya nailoni hadi ukingoni mwa lami. Usiku nilikuwa nimesoma kwenye simu mpaka macho yakauma, na karibu kila nilichosoma kilisema kitu kimoja: bafu lina mvuke, mimea ya misituni hupenda mvuke, basi bafu ndiyo nyumba yake. Nilibeba na imani nyingine mbili kichwani. Ya kwanza, kwamba mimea husafisha hewa ya chumba. Ya pili, kwamba ingenisaidia kupambana na kuvu nyeusi iliyokuwa imeanza kutambaa kwenye dari.

Nilinunua pisi lili, lile lenye ua jeupe lililokunjika kama kijiko, kwa shilingi 25,000. Kangaga kubwa la kuning'iniza, 20,000. Mani planti, ule mmea unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo, 10,000. Na sakulenti tatu ndogo, vile vimea vya majani manene yanayotunza maji, 8,000 kila moja, kwa sababu zilikuwa nzuri na sikuweza kuziacha. Mama muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Nyabo, unayapeleka wapi haya?" Nikamjibu bafuni. Akazitazama sakulenti, akanitazama mimi. "Hizi bafuni hazikai." Nikamwambia bafu langu lina jua. Akanyamaza, akanifungia. Swali lake lilikuwa swali sahihi kabisa, nami nililijibu kwa haraka ya mtu mwenye hela mkononi.

Kisha nikashuka mjini kutafuta vyungu. Vitatu vya kauri, vyeupe, vinavyong'aa, 35,000 kimoja, na hakuna hata kimoja chenye tundu chini. Muuzaji aliniambia niweke kokoto kwanza, maji yatakaa kwenye kokoto na mizizi itabaki juu. Nilimwamini. Siku hizi najua kwamba maji hayashuki kwenye kokoto kirahisi hivyo. Udongo huyashikilia kama sponji mpaka ujae, na kokoto zinachofanya ni kuupandisha ule udongo uliolowa karibu zaidi na mizizi. Chungu bila tundu ni ndoo. Ukikipenda sana, panda mmea kwenye mkebe wa plastiki wenye matundu, kisha uutumbukize ndani yake, na siku ya kumwagilia uutoe, uuache uchuruzike, ndipo uurudishe.

Pamoja na boda za siku ile, nilitumia shilingi 190,000. Kwa mshahara wangu wa ofisi ya mizigo, hiyo si pesa ya kuchezea, na dada yangu nilimtajia nusu yake.

Julai, Agosti na Septemba nilikuwa na bafu ambalo wageni walilisifu kabla hawajakaa. Pisi lili lilitoa maua mawili. Mani planti ulitambaa ukazunguka kioo. Nilimwagilia Jumatano na Jumamosi, kikombe kimoja kila chungu, bila kukosa. Ratiba hiyo ilikuwa inafaa, na kwa vile ilifaa niliiona kama sheria.

Oktoba sakulenti zilianza kurefuka. Zile zilizokuwa zimefumbata kama ngumi zikanyoosha shingo kuelekea dirishani, majani yakaachana, rangi ikapauka. Mwezi haukuisha moja ikaanguka ubavu, na nilipoigusa shina likabonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Kisha pisi lili likalegea. Majani yalilala juu ya ukingo wa chungu kama kitambaa kilicholowa. Kila nilichosoma kilisema pisi lili likilegea lina kiu, nikaliongeza maji. Kesho yake limelegea zaidi. Nikaongeza tena. Nilikuwa nikitoka kazini naingia bafuni na mkoba begani kulitazama, na siku moja niliketi juu ya kifuniko cha choo nikalia. Haikuwa kwa ajili ya ua peke yake. Nilikuwa nimekitamani mno kile chumba, na kitu cha kwanza nilichokiweka mle kilikuwa kinakufa mikononi mwangu.

Katikati ya Novemba nililing'oa. Harufu ilinifikia kabla sijaona kitu, harufu ya mtaro. Mizizi yenye afya huwa myeupe, migumu, ukiivuta inakataa. Hii ilikuwa ya kahawia, na nilipoushika mmoja kwa vidole ganda lake lilichomoka lote likabaki mkononi, ndani kumesalia uzi mwembamba kama wa kushonea. Chini kabisa, kati ya zile kokoto, kulikuwa na maji meusi. Ua lilikuwa limelegea kwa sababu halikuwa tena na mizizi ya kunywea. Kiu na kuzama vinafanana kwa juu. Kinachovitofautisha ni kidole: kiingize kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mmea una kiu. Kikitoka na tope na jani limelegea, weka kikombe chini.

Lakini kwa nini kikombe kilekile, siku zilezile, kiliufaa mmea Julai kikaua Novemba? Jibu nilililipata jikoni. Asubuhi moja ya Desemba nilikuwa naosha sufuria, jua likanipiga machoni, nikasogea pembeni, na nikashtuka. Dirisha la jikoni langu linatazama kusini. Tangu nihamie sikuwahi kupigwa na jua pale. Nikaacha maji yanamwagika, nikaenda bafuni. Ukutani, juu ya tangi, hapakuwa na mstari wowote. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho kuuona, sikukumbuka.

Shule ya msingi walitupeleka Kayabwe, barabara ya Masaka, tukapigwa picha kwenye lile duara la ikweta, na hadi leo sijawahi kulihusisha na nyumba. Kampala iko chini ya nusu digrii kaskazini ya ikweta. Kuanzia karibu tarehe 21 Machi jua hupita upande wa kaskazini wa anga yetu, na madirisha ya kaskazini hupata zamu yao. Kuanzia karibu tarehe 23 Septemba linavuka kwenda kusini, linakaa huko hadi Machi nyingine. Urefu wa mchana haubadiliki, saa kumi na mbili na dakika chache mwaka mzima, ndiyo maana hatuoni kama kuna kilichobadilika. Dirisha langu lilikuwa limepoteza jua lake la moja kwa moja mwishoni mwa Septemba, mwanzoni mwa mvua na mawingu ya miezi ile. Mmea usiopata mwanga wa kutosha hunywa kidogo. Mimi nikaendelea kumimina.

Ushauri niliousoma umeandikwa Ulaya na Marekani, ambako dirisha la kusini ndilo la jua mwaka mzima na la kaskazini ni la kivuli. Ule wa mvuke nao una sababu yake huko: wakati wa baridi wanapasha nyumba joto, hewa ya ndani inakauka, na bafu linakuwa kimbilio la mmea. Kampala hewa ina unyevu wa kutosha hata sebuleni. Bafu halikuwa na cha kulizidishia kangaga langu. Lilichokuwa nacho ni giza.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia mbili, fanya hivi. Saa sita mchana, zima taa ya bafu, funga mlango. Weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka ua, na uunyooshe mkono juu yake, kama rula moja ya shule kutoka kwenye karatasi. Ukiona kivuli chenye kingo kali, karibu ua lolote la ndani litakaa. Ukiona kivuli chenye ukungu, unachagua miongoni mwa machache yanayovumilia. Usipoona kivuli kabisa, hapo hapana makazi ya ua, pana matembezi tu. Na jaribio hilo lifanye Juni, ulirudie Desemba.

Nililiokoa pisi lili kwa bahati zaidi ya ujuzi. Nilipangusa kisu kwa spiriti, nikakata kila kilichooza, ikabaki mizizi minne. Nikalipanda kwenye mkebe wa rangi nilioutoboa kwa msumari wa moto, kwa mchanganyiko aliouniambia yule mama wa kitaluni nilipomrudia na kumwomba radhi: sehemu mbili za udongo mweusi, moja ya mchanga wa ziwani, moja ya makapi ya kahawa, yale maganda ya buni. Makapi yawe yaliyokaa hadi yakaoza na kupoa, maana mabichi hupata moto na kuunguza. Gunia dogo la makapi alinipa bure. Kisha nikaharibu tena. Kwa vile nilishajua tatizo ni mwanga, nikalitoa moja kwa moja bafuni nikaliweka baraza ya mbele, juani. Jioni majani yalikuwa na mabaka meupe yaliyokauka kama karatasi. Jani lililozoea kiza haliwezi jua la ghafla. Lilipaswa kukaa kivulini wiki moja au mbili kwanza. Lilichipua upya kutoka kwenye kitako, ila nilisubiri hadi Machi kuona jani la kwanza kamili.

Sakulenti zote tatu zilikufa. Kangaga lilikufa kwa njia nyingine, na hiyo bado inaniuma. Kuna dada anayenisaidia usafi Jumamosi. Alinyunyiza dawa ya klorini ukutani kuondoa kuvu, na kangaga lilikuwa linaning'inia palepale. Jumapili ncha zilikuwa zimegeuka nyeupe, Jumatano lote la kahawia. Nilimfokea kwa simu. Hakuwa na kosa, sikuwahi kumwambia ayatoe nje. Nilimwomba msamaha, na tangu hapo kuna utaratibu: siku ya kusugua, vyungu vyote vinatoka kwanza, vinarudi sakafu ikishakauka na hewa imeshapita.

Kuvu yenyewe iliondoka baada ya mwenye nyumba kukubali kupanua tundu la hewa, nami nikaanza kuacha dirisha wazi baada ya kuoga. Mimea haikusaidia kitu. Majani na udongo uliolowa huongeza unyevu chumbani. Hata lile la kusafisha hewa lilinivunja moyo. Majaribio ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya mwaka 1989 yaliyoanzisha habari hiyo yalifanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa, na uchambuzi uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba katika chumba cha kawaida ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ifikie kazi ya hewa inayopita dirishani tu. Nunua ua kwa sababu unalipenda.

Kuna mawili zaidi, ya watu na si ya maua. Mwezi wa Novemba nilikuta viluwiluwi vya mbu kwenye sahani zilizokuwa chini ya vyungu. Yai la mbu linaweza kufika kuruka ndani ya wiki moja na kidogo, kwa hiyo sahani zinamwagwa kila baada ya siku mbili tatu, au zinaondolewa kabisa na chungu kikawekwa sakafuni penye mteremko wa maji.

La pili lilinitetemesha. Mpwa wangu wa miaka miwili alikuja kulala kwangu, nikamwacha bafuni kwa muda wa kuchukua taulo. Niliporudi alikuwa na kipande cha jani la mani planti mdomoni. Alianza kulia kilio ambacho sijawahi kumsikia nacho, akitoa ulimi nje, mate yakimtoka, midomo imeanza kuvimba. Nilimsafisha kinywa kwa maji ya baridi, nikamkimbiza kwenye kliniki ya jirani. Daktari alimtazama koo, akasema amepona kwa sababu hakumeza mengi, tukakaa pale saa mbili, nikalipa 40,000. Mani planti, pisi lili na ule mmea wa majani makubwa yenye madoa meupe uitwao dieffenbachia yote yana vijiwe vidogo mno vyenye ncha, vinavyochoma ulimi na koo. Hakuna muuzaji aliyeniambia, na sikuuliza. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, chagua kangaga au chlorophytum, yule wa majani marefu yenye mistari anayezaa vitoto kwenye kamba. Hao hawana sumu. Mingine iwe juu, mbali na mikono.

Januari mama alikuja kutoka Bombo. Aliona vyungu vya kauri vimepangwa vitupu, akaniuliza bei, nikamwambia ukweli. Akakaa kimya kidogo. "Mwanangu, na luwaanyi umeiacha nyumbani?" Sikumwelewa. Luwaanyi kwangu ni mpaka wa shamba, mti wa majani marefu ya kijani unaopandwa kuonyesha ya kwetu yaishia hapa na ya jirani yaanzia pale. Umeota chini ya migomba na mifenesi tangu sijazaliwa, kwenye kivuli, hakuna aliyewahi kuumwagilia. Safari iliyofuata alileta vipande vitatu vya shina, urefu wa mkono, vimefungwa kwenye gazeti lenye maji.

Niliviweka kwenye kopo la maji barazani penye kivuli. Wiki ya tano vilikuwa na mizizi. Kimoja nilikiweka bafuni pale alipofia kangaga, na hakikunung'unika. Kitaalamu ni Dracaena fragrans, na huko Ulaya na Marekani watu wanaununua dukani kuweka maofisini, kwa sababu huohuo uvumilivu wa kivuli. Dereva mmoja wa Moshi aliyekuja ofisini kufuatilia karatasi za mzigo aliona picha yake kwenye simu yangu akasema, "Dada, hayo ni masale!" Kwao Wachagga nayo huwekwa mipakani, na mtu aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani lake kuomba msamaha. Ila wenye paka waangalie, wakilitafuna hutapika.

Pamoja nao nina zamioculcas, ambao wauzaji wanauita ZZ. Nao ni wa kwetu huku Afrika, kwa asili unaota kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Chini ya udongo una viazi vinavyotunza maji, na bafuni kwangu unapata kikombe kimoja kila wiki tatu au nne. Hiyo miwili ndiyo wenyeji. Pisi lili na kangaga jipya ni wageni: wiki mbili bafuni, wiki mbili barazani kivulini, wanapishana. Ratiba ya Jumatano na Jumamosi nimeifuta. Ninanyanyua chungu. Mkono unaujua uzito wa udongo mkavu haraka kuliko unavyodhani. Na majani ninayapangusa kwa kitambaa chenye maji, maana povu la sabuni likikaukia pale hugeuka utando, na mwanga wenyewe tayari ni wa kubahatisha.

Ukutani bafuni, juu ya tangi, kuna alama ndogo za penseli. Nilianza kuziweka mwaka jana, kila mstari wa jua unapofika mahali papya ninachora na kuandika tarehe. Septemba zilirudi nyuma, zikaisha. Jumanne hii, katikati ya Aprili, mvua ilikuwa imekatika alfajiri na anga likafunguka. Nilikuwa na mswaki mdomoni. Pembeni kabisa mwa dirisha, kwenye kigae cha mwisho, kulikuwa na uzi wa mwanga, upana wa vidole viwili kutoka kwenye alama ya mwaka jana. Nikachora, nikaandika tarehe, nikaenda barazani kulichukua kangaga.